Kisu Kisilale Ndani ya Ala

Miembeni, Bukoba
5 Februari 2024

Dada Alistidia,

Tumsifu Yesu Kristo.

Najua mwandiko huu umeutambua kabla ya kuona jina, na huenda umeketi. Keti tu, mimi ni mzima. Miaka tisa si michache na siwezi kuijaza yote kwenye karatasi moja, basi niseme tu kilichonifanya nishike kalamu leo.

Watu wa Kimwani wanaopita Bukoba watakuwa wamekuambia kazi yangu. Nilianza kwa kushona viatu hapa Miembeni, sasa nashona ala za visu. Si visu vya jikoni, Dada. Kuna watu wanakusanya visu kama wengine wanavyokusanya picha: visu vya wahunzi wa zamani, visu vya vita, visu vyenye mpini wa pembe. Kila kimoja wanataka kishonewe ala yake peke yake, ikikae sawasawa, isicheze wala isibane. Wanatuma kutoka Mwanza, Arusha, hata Nairobi. Mmoja wao ni Dokta Onesphory, mstaafu wa Mwanza. Wiki iliyopita aliniletea kisu kimefungwa kwenye gazeti, na kikaratasi: "Nimekinunua mnadani Biharamulo. Sijui kilifuliwa na nani. Kishonee kitu cha heshima."

Nilipokifungua nikaona karibu na mpini mikato mitatu mifupi, ule wa kati umelala kidogo. Alama ya Tata, ile anayoipiga kwenye kila kisu anachokifua. Siku ya nne leo kiko mezani kwangu na sijakata ngozi. Mteja akiingia nakifunika.

Naomba kujua jambo moja. Lile neno alilolisema baba yetu mbele ya ukoo, kwamba nisimzike wala nisishike udongo wa kaburi lake, bado lipo? Amewahi kulitaja tena? Simwombi kitu. Naulizia hali yake tu.

Barua nimempa Magdalena, muuza dagaa. Anakuja Bukoba kila wiki, na amekubali kuwa posta yetu bila kuuliza maswali, jambo ambalo kwake ni msalaba mzito.

Mdogo wako,
Avit


Kimwani, Muleba
16 Februari 2024

Avit,

Nimelia, nikacheka, nikakutukana, kwa utaratibu huo huo. Miaka tisa kimya, kisha unanianzia na hadithi ya kisu cha daktari! Marehemu Mama angekuchapa kwa mwiko.

Tata anaumwa. Macho yamekwisha, moshi wa mvukuto umeyala yote mawili. Tangu Krismasi miguu imevimba. Hospitalini walisema ni moyo, wakatupa vidonge na kuagiza chakula kisicho na chumvi. Anasema hata ng'ombe hupewa chumvi. Nyundo alishaiweka chini, lakini kila asubuhi bado anataka apelekwe kwenye fuawe aiguse.

Neno lile lipo, sikufichi. Na mila yetu unaijua: neno lililosemwa mbele ya mtu huondolewa mbele yake, kwa kinywa kilekile, mkono ukiwa juu ya kichwa chake. Tata akifa hajalitoa, amekwenda nalo, na Ta Ildefons mdogo wake atalisimamia kaburini kama askari wa lindo. Hutashika udongo wa baba yako, Avit. Utazikiwa baba kama jirani.

Lakini sikiliza. Juzi ameniuliza, "Yule kijana bado anashona?" Nikamwambia unashona ala. Akasema, "Kisu cha baba yangu hakina ala." Amesema mwenyewe, kwa kinywa chake! Kisu kile kile. Alikisugua kutu mpaka kikakonda, lakini kipo, anakilalia chini ya mto na kukipapasa kila akiamka. Mimi naona anataka umshonee. Basi shona, uilete kwa mkono wako, upige magoti, naye alitoe neno.

Simu usipige kamwe. Macho yamekufa lakini masikio yale yanasikia hata kuku akiwaza kutaga, na jina lako likisikika humu ndani sijui atafanya nini. Barua haina sauti. Akiuliza karatasi gani inachakacha, nasema ni za chama cha kahawa. Mimi nami sitakupigia. Siku utakayoona simu yangu, ujue Tata ametutoka, uje kumzika, wakutake wasikutake.

Dada yako,
Alistidia


Miembeni, Bukoba
25 Februari 2024

Dada,

"Yule kijana bado anashona?" Nimeisoma sentensi hiyo mpaka karatasi imelegea kwenye kunjo.

Ala haishonwi kwa kukisia. Ngozi inalowekwa, inavalishwa kisu ikiwa bado mbichi, inabanwa kwa vidole ifuate umbo lake, kisha inaachwa ikauke kivulini. Ikikauka hivyo imekishika kisu kwa maisha. Ukiianika juani inapasuka. Sasa kama Tata analala nacho, huwezi kunitumia. Fanya hivi: akiwa nje kwenye fuawe, kilaze kisu juu ya karatasi uchore pembezoni mwake. Kalamu isimame wima, ukiilaza mchoro unanenepa. Mpe Dastan fundi seremala achonge mfano wa mti wa unene ule ule. Nitashona juu ya mti, na mwisho nitakuja kuikaza juu ya kisu chenyewe. Hilo halifanyiki bila mimi na kisu kuwa mahali pamoja.

Sasa nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Babu alipofariki Tata alinikabidhi kile kisu nikitunze mpaka siku ya kuondoa matanga, ambayo ukoo uliisogeza mbele miaka miwili, akikatie nyama ya kwanza mbele ya ukoo kama Babu alivyofanya na baba yake Babu. Nilijiona mtu! Ndiyo kwanza nilikuwa nimejifunza kushona viatu. Nikachukua ngozi nyeusi ya viatu, ile ya kiwandani, nzuri kuliko zote nilizokuwa nazo, nikakishonea ala, nikakichomeka humo na kukifungia sandukuni miaka miwili. Sikukitoa hata mara moja. Niliogopa kukiwekea alama za vidole.

Siku ile uliona mwenyewe. Tata alivuta, kikagoma. Alivuta kwa mikono miwili, kikatoka kimeliwa na kutu kama kimeng'atwa na panya. Nyumba ya wahunzi, na kisu cha babu kimeoza. Ndipo mgeni mmoja akacheka mbele ya wote, na Tata akasema alilosema. Alidhani nilikitupa mvuani, au nilikiazima kwa wachinjaji. Sikujibu, kwa kuwa hata mimi sikujua kimepatwa na nini.

Nilikuja kujua Bukoba. Ngozi ya viatu hupikwa kwa dawa zenye chumvi. Chumvi hiyo huvuta unyevu na kula chuma polepole, na kisu kilichofungiwa kinatokwa na jasho humo ndani. Siku hizi natumia ngozi iliyolainishwa kwa magome ya miti, na katika kila ala ninayouza naweka kikaratasi: KISU KISILALE NDANI YA ALA. KIFUTE, KIPAKE MAFUTA, KIWEKE KANDO. Wateja wanadhani ni utaalamu. Ni toba, Dada.

Msomee Tata kipande hiki, kama unaweza. Nataka ajue sikukitupa.

Avit


Kimwani
10 Machi 2024

Avit,

Mti umekuja na Magdalena, umefungwa kwenye kitenge changu, ukirudishe. Dastan amechonga vizuri ila ameuliza kisu cha mti ni cha nini, nikamwambia cha kukatia uvivu wake.

Nimemsomea Tata. Nilimsomea jioni, tumekaa wawili barazani. Hakunikatiza. Nilipofika pale kwenye alama za vidole akaanza kulia, Avit, machozi kabisa, akajifuta kwa kona ya shuka. Akasema, "Nimemkosea kijana. Mwambie mwanangu aje, namsubiri kwa moyo mmoja." Na mimi nikalia, tukawa wawili.

Sasa unangoja nini? Maliza uje. Usije mikono mitupu, lakini usikae Miembeni ukipamba. Tata anahesabu siku.

Alistidia


Miembeni, Bukoba
24 Machi 2024

Dada,

Nimepokea mti na maneno ya Tata. Sijui niyaweke wapi.

Ngozi nimeikata. Nimechagua ya mgongoni, ndiyo isiyovutika ovyo. Tatizo ni mvua. Unajua Bukoba mwezi huu, hata shati halikauki, seuze ngozi nene kiasi hiki. Nimeivalisha mti tangu wiki iliyopita na bado ukiigusa ina ubaridi. Nikiipeleka kabla haijakauka itakuwa ile ile ya mwanzo: nitakifungia kisu cha Babu ndani ya maji kwa mara ya pili. Sitafanya hivyo tena mbele ya Tata.

Kawia ufike, Dada. Baada ya Pasaka nitakuja. Msalimie. Mwambie mshono nitautia sindano mbili, moja kila upande, ili uzi ukikatika sehemu moja mwingine ushike. Ataupenda, yeye hapendi kitu kinachoshikwa na uzi mmoja.

Avit


Kimwani
12 Aprili 2024

Avit,

Pasaka imepita. Watu wote wa Bukoba walikuja kwao kula sikukuu, hata mtoto wa Dastan ambaye haji kamwe. Mimi nilikuwa natazama njia kama bwege.

"Kawia ufike" ni methali ya mtu aliyekwisha kuondoka. Wewe hujaondoka.

Uvimbe umepanda mapajani. Hawezi tena kwenda kwenye fuawe, namletea nyundo aishike akiwa kitandani. Ta Ildefons yupo hapa kutwa, ananiangalia ninavyoandika. Tata amesema ala hata ikiwa mbichi ilete, ataikausha yeye kwa mikono yake. Umesikia? Hata ikiwa mbichi.

Sitaki kukutisha. Nimekwisha kukutisha.

Alistidia


Miembeni, Bukoba
27 Aprili 2024

Dada,

Usinikasirikie. Imekauka sasa, lakini nilipoishona mshono wa upande wa makali ukapinda karibu na ncha, upana wa punje ya mchele. Mtu mwingine haoni. Tata haoni, lakini atapitisha kidole na kidole chake kinaona kuliko macho yangu. Nimefumua na kutoboa upya kwa msharasi, tundu moja baada ya jingine.

Jumatatu nilifika hadi stendi nikiwa nayo begini. Nikakumbuka sijapaka nta ya nyuki ukingoni, nikarudi. Usicheke. Halafu Dokta Onesphory anataka ya kwake mwisho wa mwezi.

Katikati ya Mei nitakuwa hapo, bila kukosa. Mwambie Tata katikati ya Mei.

Avit


Miembeni, Bukoba
21 Mei 2024

Dada,

Siku kumi tangu tumzike Tata. Yaani tangu ninyi mmzike na mimi nikitazama kutoka barabarani. Hukuniangalia hata mara moja. Nimefika Kimwani na kurudi sijasikia sauti yako.

Nianze na langu. Ala ilikuwa tayari kabla ya Pasaka. Ilikauka kwa siku sita, mvua au si mvua. Mshono haukupinda. Niliogopa, Dada. Kila nilipojiona nimepiga magoti mbele yake nilisikia kile kicheko cha siku ya kuondoa matanga, nikarudi mezani kutafuta kasoro kwenye ngozi. Na ukitafuta kasoro kwenye ngozi huikosi.

Alhamisi ile, simu yako ilipolia saa mbili asubuhi, nilijua. Ndivyo tulivyokubaliana. Sikuipokea, kwa sababu nikiipokea ningelisikia kwa sauti yako. Ulipopiga mara ya tatu nikaizima. Nikafunga kibanda nikalia mpaka nikachoka. Mchana nikaenda sokoni kutafuta lubugo, maana Tata alikuwa akisema hataki sanda ya dukani, anataka nguo ya gome la mti kama baba yake. Kesho yake nikaja nayo.

Ta Ildefons alinisimamisha pale njia inapoingia kibanjani, kwenye migomba yetu. Alilipokea lubugo, mimi akanikataa. Nikamwambia Tata mwenyewe ameniita. Nikamtolea maneno yote uliyoniandikia, kwamba Tata amelia, amesema amenikosea, ananisubiri kwa moyo mmoja. Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mlevi. "Mimi nimekaa na kaka yangu tangu Krismasi," akasema, "siku moja tu ndiyo sikuwepo. Hajakutaja. Nani anakutungia?" Akakugeukia wewe. Watu wote wakasikia.

Ukweli ni kwamba nilijua tangu barua yako ya Machi. Tata wa kulia barazani sikuwahi kumwona. Lakini nilimpenda huyo uliyenitungia, nikaendelea kumjibu. Pale barabarani sikuwa na kingine cha kushika.

Sasa kuna kitu kinanila. Watu wa msibani walisema Tata alikata roho Alhamisi jua likizama. Simu yako ilikuja saa mbili asubuhi. Nimehesabu na kuhesabu. Niambie ulikuwa unanipigia nini.

Mara hii usinitungie.

Avit


Kimwani
28 Mei 2024

Avit,

Umesema nisikutungie. Basi naandika kama ninayeandikia ofisi ya kata.

Tata hakuwahi kuniuliza kama unashona. Hakusema kisu hakina ala. Hakulia. Barua zako nilizisoma peke yangu jikoni nikazificha chini ya maharage, kisha nikakuandikia yale niliyotaka awe ameyasema. Nilidhani ukija tu, ukapiga magoti, atashindwa kukufukuza. Kama ulijua tangu Machi, kwa nini hukuja ukamuuliza mwenyewe? Nimekukasirikia kwa hilo na bado.

Alhamisi asubuhi alikataa uji, na uso wake ulikuwa umebadilika. Niliogopa atakwenda hajui. Ta Ildefons hakuwepo, alikuwa amekwenda Biharamulo kwa wakwe zake. Nikatoa barua yako ya Februari, ile ya ngozi ya viatu, nikamsomea yote kwa sauti. Nilitegemea anirushie bakuli.

Akauliza, "Ngozi ya viatu?"

"Ndiyo, Tata."

"Na hakukitoa miaka yote miwili?"

Nikamwambia uliogopa kukiwekea alama za vidole. Akapapasa kisu chini ya mto. Akasema, "Mpumbavu." Kisha akasema, "Mpigie aje leo."

Ndiyo simu hiyo, Avit. Ilikuwa simu ya furaha. Kwa furaha nilisahau kabisa tulivyokubaliana. Nilipiga na kupiga mpaka chaji ikaisha, na umeme ulikuwa umekatika tangu Jumatano. Nikaenda mbio kwa Magdalena, nikaambiwa amekwenda ziwani. Nilikumbuka mapatano yetu mchana, nimeshika mwiko, nikakaa sakafuni.

Alitaka awekwe kwenye kiti, uso kwa mlango. Akauliza, "Amefika wapi?" Ningesema nini? Nikasema umepanda basi. Baadaye akauliza tena, nikasema umepita Kemondo. Kisha Muhutwe. Kisha Muleba. "Muleba basi hukaa sana," akasema, basi nikakukalisha Muleba sana. Kisha Kyamyorwa. Nilikuleta kituo kwa kituo nikijua haupo njiani, na kila kituo nilichokitaja alijiweka sawa kwenye kiti. Jua likaanza kushuka, pumzi yake ikawa fupi, nami sikuwa na kituo kingine. Nikasema, "Amefika, Tata."

Akasema, "Apige magoti."

Nilipiga mimi. Nilijiambia haoni. Akashusha mkono, ukatua kwenye kitambaa changu cha kichwa. Ukateremka kwenye sikio, ukagusa hereni, ukarudi juu ukatulia. Akasema maneno haya kwa Kihaya. Nayaandika kwa Kiswahili kwa kuwa kwa Kihaya mkono wangu hautafika mwisho:

"Avit. Nilidhani ulikitupa. Kumbe ulikifunika. Ujinga si dharau. Neno nililolisema nimelitoa. Shika udongo."

Kisha, mkono bado uko kichwani kwangu: "Na wewe Alistidia inuka, uji unaungua."

Ulikuwa unaungua kweli. Niliporudi kutoka jikoni alikuwa amekwenda.

Hapakuwa na mtu mwingine. Ijumaa asubuhi Ta Ildefons aliporudi nilimwambia yote kama nilivyokuambia wewe. Akauliza nani mwingine alisikia, nikasema mimi tu. Alisema atalifikiria, na nilimwona analifikiria kweli. Halafu ukaja wewe, ukamwaga pale barabarani kila nilichokutungia. Akanigeukia mbele ya watu: "Njia ya mwongo fupi, Alistidia. Na hili la mkono kichwani ulilitunga lini?" Nikainamisha kichwa. Ndiyo maana sikukuangalia. Nilisema uongo miezi mitatu na ukanibeba vizuri. Siku nilipokuwa na neno moja la kweli, neno la Tata mwenyewe, hakuna aliyelipokea, na aliyeliharibu ni mimi.

Sina shahidi. Sikuombi uniamini. Umeuliza, nimejibu.

Alistidia


Miembeni, Bukoba
4 Juni 2024

Dada,

Mabasi ya Muleba yanaondoka stendi tangu alfajiri. Nilikuwa na viatu miguuni. Saa ile Tata amekalishwa akiutazama mlango, mimi nilikuwa sokoni napapasa lubugo la kumzikia, nikikataa hili, nikichagua lile. Hilo ni langu, nitaishi nalo, na nakuomba usijaribu kulipunguza.

Lakini nakuamini. Ungekuwa umetunga, ungemfanya alie. Ungemwekea maneno ya padri mdomoni. Usingeandika "mpumbavu", wala usingekumbuka uji. Huyu uliyeniandikia safari hii namjua. Nimemsikia sauti yake mpaka nimeinua kichwa.

Nakuja Jumamosi kwa basi la kwanza, ala ikiwa begini. Ta Ildefons akinisimamisha barabarani nitamwamkia vizuri na nitasimama, hata kutwa nzima. Yeye ni mzee, atachoka kabla yangu. Nikipita nikukute kaburini. Nitachota udongo mbele yako, na kama ukoo unataka shahidi, shahidi ni wewe.

Mdogo wako,
Avit